Nilimpima mama mmoja kwa stopwatch, wenzake wakamtenga: kosa langu la time study kule Mbuba, Ngara

Wakuu, salamu kwenu wote, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Leo nimeamua kuutua mzigo niliotembea nao tangu miaka ya tisini. Ninachoandika kilitokea, nilikuwepo, na mkosaji ni mimi mwenyewe. Anayetafuta chai aende uzi wa jirani, kule zipo mpaka za tangawizi.

Majina ya watu nimebadilisha. Mradi sitautaja, msinisumbue PM.

Mimi ni Msubi, kwetu ni Nemba, Biharamulo. Nilisoma ufundi mpaka nikapata stashahada, na katika masomo yote lililoniteka akili lilikuwa motion and time study.

Kwa wasiolijua: unakaa pembeni ya mfanyakazi, unaandika kila anachofanya. Anainama, anageuka, anafuata maji, anarudi. Kila tendo unalipima kwa stopwatch. Kisha unaondoa yasiyo na faida, unapanga vifaa upya, na mwisho unaweka kiwango cha kazi ambacho mtu wa kawaida anaweza kukifikia kwa siku.

Ni elimu nzuri, sitaitukana hapa. Mwenye makosa ni mimi niliyekuwa naitumia.

Basi nikahitimu. Nikarudi nyumbani na cheti, shati jeupe, na stopwatch niliyoivaa shingoni kama refa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijiona nimemaliza dunia.

Wakati huo Ngara ilikuwa imejaa wakimbizi. Waliokuwepo wanakumbuka. Watu walikuwa wengi kuliko miti, na miti nayo ilikuwa inaisha. Unapita leo unaona kilima kina msitu, ukirudi baada ya wiki chache kimenyolewa kipara. Kuni zilifuatwa mbali, akina mama wanatoka alfajiri wanarudi mchana.

Ndipo mradi mmoja ukaanzisha karakana ya majiko banifu pale Mbuba. Haya ni majiko ya udongo yanayotumia kuni kidogo. Yalitengenezwa kwa mkono, yakachomwa, yakapelekwa kambini kugawiwa.

Wafanyakazi walikuwa akina mama kumi na wanne. Nusu ni Wahangaza wa palepale Mbuba, wenye migomba na maharage yao. Nusu ni Warundi waliotoka kambini, mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu.

Kazi ilikuwa ya kipande. Kila mmoja majiko kumi na mawili kwa siku, ukimaliza unaondoka. Wengi walimaliza kwenye saa nane mchana.

Mimi nikaajiriwa kuongeza uzalishaji. Akina mama wakaniita Mwalimu, na wengine kwa lafudhi ya huko, Mwarimu. Nikalipenda hilo jina kuliko nilivyostahili.

Wiki za mwanzo nilifanya kazi ambayo hata leo siionei aibu.

Niliona wanatengeneza majiko chini, wamekunja migongo, nikaomba mbao tukatengeneza meza. Pipa la maji lilikuwa mbali, nikalisogeza. Kalibu za kuundia majiko zilikuwa zinalundikwa pamoja, mtu anapekua kutafuta yake, nikapigilia misumari ukutani kila mtu akatundika ya kwake.

Meza walizipenda kweli. Kiongozi wao, Mhangaza mmoja mtu mzima tumwite Mama Anastazia, alinishika mkono akaniambia, "Mwarimu, mgongo wangu unakushukuru." Nililala na furaha siku hiyo.

Ningeishia hapo wakuu, leo ningekuwa naandika uzi wa kujisifu.

Sasa ikabaki kuweka kiwango kipya. Hapo ndipo stopwatch ikaanza kazi.

Tatizo, kila niliyekaa naye alikuwa anaiona saa. Akiiona, mikono inakuwa mizito ghafla. Udongo unapapaswa kama unabembelezwa ulale. Mama Anastazia mwenyewe, ambaye nilijua ni hodari kuliko wote, nilipompima alitumia karibu dakika arobaini kwa jiko moja, na katikati akasimama kunieleza habari za mchumba wa binti yake.

Walijua wanachofanya. Mtu wa kipande si mjinga. Anajua ukionyesha mbio leo, kesho mbio hizo ndizo kazi yako.

Mimi nikaandika kwenye fomu: uvivu.

Halafu ikaja siku ya Spesioza.

Spesioza alikuwa Mrundi, mama wa watoto wanne. Mumewe hakufika Tanzania, na sikuwahi kumuuliza zaidi ya hapo. Alikuwa mkimya, kazi yake safi, lakini hakuwa na haraka. Katika wale kumi na wanne, kwa kasi ningemweka wa tisa au wa kumi.

Siku hiyo nilichelewa. Baiskeli ilipata pancha njiani, nikafika saa mbili na nusu. Nikamkuta Spesioza mezani anafanya kazi ambayo sijawahi kuiona.

Anachukua bonge la udongo kwenye beseni, analibamiza kwenye kalibu, anakandamiza, anakata mlango wa jiko, analainisha, anatoa, anaweka kivulini. Anarudi. Hakuniangalia hata mara moja. Nikakaa, nikabonyeza saa.

Dakika kumi na tisa. La pili kumi na tisa. La tatu kumi na nane na nusu.

Wakuu, niliitazama saa mara mbili. Nikasema huyu ndiye wa kweli, wengine wote wananichezea. Saa tano na kidogo akamaliza la kumi na mbili, akanawa, akajifunga kitenge, akaondoka karibu anakimbia.

Mimi nikakaa chini na kalamu. Dakika kumi na tisa, nikaongeza mbili za kupumzika na kwenda haja, ishirini na moja. Nikagawanya saa za siku. Nikapata majiko ishirini.

Kutoka kumi na mawili kwenda ishirini! Niliandika ripoti siku hiyohiyo. Bosi wa mradi alipoisoma alinipa mkono mbele ya watu, akasema vijana kama mimi ndio nchi inawahitaji.

Ngoja nipumzike kidogo, sehemu inayofuata ni nzito.

...

Nimerudi.

Jumatatu nikawakusanya akina mama nikatangaza kipande kipya, ishirini. Mama Anastazia akauliza kwa upole tu, "Mwarimu, hiyo ishirini umeitoa wapi?"

Na mimi kwa akili zangu za cheti nikajibu mbele ya wote, "Kwa Spesioza. Nimempima mwenyewe. Kama yeye ameweza, nanyi mnaweza."

Nilidhani ninamsifu. Nilitegemea wampigie makofi!

Wote wakageuka kumwangalia. Spesioza akafungua mdomo, kisha akaufunga, akaangalia chini. Nikadhani ni aibu ya kusifiwa.

Nikaongeza na sheria ya pili, maana kitabuni tulifundishwa kila mtu awajibike kwa kazi yake. Kuanzia leo kila mtu na meza yake, udongo wake, kalibu yake. Hakuna kuchangia. Na atakayeondoka kabla ya kufikisha kipande mara tatu anafutwa kazi.

Matokeo mnaweza kuyakisia. Hakuna aliyefikisha ishirini kwa saa nilizopiga hesabu. Mama Anastazia mwenyewe, akikaza kweli, saa nane ilimkuta na kumi na tano. Watu wakawa wanatoka saa kumi na moja, shamba la mtu halijapaliliwa, na Warundi wana saa nzima ya kutembea mbele yao.

Lakini majiko yaliongezeka, hilo nisiwafiche. Kwenye karatasi nilikuwa shujaa.

Nilichokiona baada ya siku chache ni kwamba Spesioza anakula peke yake.

Wale akina mama walikuwa na kawaida ya kuleta uji wa mtama kwenye kibuyu kimoja, unazunguka mchana kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Sasa kibuyu kikifika karibu na Spesioza kinamruka. Asubuhi akisalimia, wanaitikia kama wanaitikia ukuta. Hata Warundi wenzake. Nilisikia mmoja akimwita neno la Kirundi, nikauliza maana yake, nikaambiwa ni mtu anayejipendekeza kwa mkubwa.

Nikajiambia ni wivu wa wanawake. Ndiyo, niliandika hivyo mpaka kwenye daftari langu. Daftari ninalo hadi leo na sentensi ile huwa naisoma nikiona nimeanza kujikweza.

Wiki ya pili Spesioza akanifuata pale ninapoandikia. Alisimama mbali kidogo, mikono ina udongo. Nitayaandika maneno yake kama ninavyoyakumbuka.

"Mwarimu, ile siku uliyonipima, sikuwa peke yangu. Ilikuwa siku yangu ya mgao. Wenzangu walinikandia udongo wote, wakanitengenezea mabonge kumi na mawili, wakayaweka kwenye beseni. Mimi nilibaki kujaza kalibu tu. Ni ikibiri, Mwarimu. Ile kazi ilikuwa ya watu wengi."

Ikibiri ni neno la Kirundi, ni kazi ya kusaidiana kwa zamu. Leo wote tunalima kwako, kesho kwangu.

Akanieleza polepole kama anamweleza mtoto. Mgao wa chakula kambini hutolewa kwa sehemu sehemu, kila baada ya wiki mbili. Siku ya sehemu yako usipokuwepo, kupata chakula kile ni shida kubwa. Kwa hiyo mwenye siku ya mgao wenzake walimkandia udongo kabla hajafika ili awahi kuondoka. Na Wahangaza nao, siku ya kupanda au kuvuna maharage, Warundi waliwakandia wao. Walikuwa wameelewana hivyo tangu karakana ilipofunguliwa.

Na kukanda udongo, wakuu, ndiyo kazi nzito kuliko zote! Inakula zaidi ya nusu ya muda wa jiko. Inafanyika kwenye shimo nyuma ya banda, kwa miguu, asubuhi na mapema. Asubuhi ambayo mimi nilikuwa njiani naziba pancha.

Kwenye fomu yangu palikuwa na mstari wa udongo. Mimi nilikuwa nimeandika "upo tayari", nikaendelea. Sikuuliza nani ameutayarisha.

Yaani wema waliomfanyia mwenzao mimi niliuchukua nikaugeuza kuwa mzigo wao wote, kisha nikawaambia mzigo huo ameuleta yeye. Na yeye hakuweza kujitetea mbele ya watu, kwa sababu akisema alisaidiwa, anawachongea waliomsaidia mbele ya mkubwa mgeni ambaye hawajui atachukuliaje. Alinyamaza kuwalinda. Nao wakadhani amewauza.

Sasa sikilizeni jibu langu. Hapa ndipo kosa linapoacha kuwa la ujinga.

Nilielewa. Nilielewa palepale, hakuna haja ya kujisafisha. Hesabu ilikuwa mbovu na nilijua imeharibika wapi. Lakini ripoti ilikuwa imeshaenda juu. Bosi alikuwa ameshanipa mkono, na palikuwa na mazungumzo ya kunipeleka kozi.

Nikamwambia, "Nitaliangalia."

Sikuliangalia.

Siku yake ya mgao ikafika. Hakuna aliyemkandia udongo, kwanza nimekataza, pili hawakumtaka. Saa sita alikuwa na majiko saba. Akanawa mikono akaondoka. Watoto wanne, angefanyaje? Nikaandika: mara ya kwanza.

Baada ya wiki mbili, vivyo hivyo. Nikaandika mara ya pili. Kila nilipoandika niliona mkono wangu unaandika uongo, lakini mwandiko ulikuwa mzuri.

Mara ya tatu hakusubiri niseme. Aliosha kalibu yake, akaisugua kwa majani mpaka ikang'aa, akaitundika kwenye msumari wake. Kisha akaja kwangu. Sikuwa na ujasiri wa kumwangalia usoni.

Hakulia, hakunilaumu. Aliniomba kitu kimoja tu.

"Mwarimu, niandikie karatasi kwamba sikufukuzwa kwa wizi. Kambini watauliza."

Nikaandika. Mstari mmoja, jina langu, sahihi, tarehe. Akaikunja mara nne akaiweka kwenye pindo la kitenge, akasema asante, akaondoka.

Karatasi ile nilimaliza kuiandika kwa dakika mbili. Karatasi nyingine ya kumwambia bosi kwamba nilikosea hesabu ingenichukua dakika tano. Mimi mtaalamu wa kupima muda sikuzipata dakika tano.

Akina mama waliona anaondoka. Baadaye nilimwona Mama Anastazia amesimama kwenye meza ya Spesioza, anaifuta kwa kitambaa wakati ilikuwa safi.

Haikupita miezi mingi nikaenda kozi niliyoahidiwa. Kutoka hapo nikapata kazi kiwandani Mwanza, nikapanda cheo, nikaoa, maisha yakaendelea. Karakana nilisikia ilifungwa mradi ulipoisha. Warundi nao miaka ilivyokwenda walirudi kwao. Nilisikia redioni wanarudi, nikazima redio.

Siku zote nilijiambia nitakwenda kumtafuta. Wikiendi hii. Mwezi ujao. Kambi ilikuwepo miaka mingi tu, hapohapo Ngara, na mimi nyumbani Biharamulo nilikuwa nakwenda kila Krismasi. Sikwenda.

Miaka michache iliyopita nilipita Mbuba nikielekea msibani Murusagamba. Nikaomba dereva asimame. Karakana haipo, pana migomba. Nikaulizauliza nikaonyeshwa kwa Mama Anastazia. Amezeeka, anatembelea fimbo, lakini macho yaleyale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaniangalia muda mrefu. "Mwarimu wa saa."

Tukakaa nje, akaniletea ndizi za kuchoma. Tukazungumza habari za watoto, za mvua, za mnyauko uliomaliza migomba. Mimi nazunguka tu. Mwisho nikakohoa nikamwambia yote. Kwamba Spesioza hakujipendekeza, kwamba alikuja kunieleza ukweli na mimi nikanyamaza.

Akasema, "Tulijua. Si siku ile, tulijua baadaye. Ulipoondoka, msimamizi mpya alituuliza hiyo ishirini ilitoka wapi, tukakaa tukahesabu wenyewe, tukaona siku uliyompima ilikuwa ya mgao wake, udongo ni sisi tuliokanda. Tukaona aibu sana."

Akaniambia walikwenda kambini, watatu, yeye mbele, na maharage na mkungu wa ndizi kichwani. Wakamtafuta Spesioza mpaka wakampata. Wakapiga magoti wakamwomba msamaha. Spesioza akawapikia, wakala pamoja, wakanywa kibuyu kimoja.

Nikashusha pumzi. Nikamwambia namshukuru Mungu, angalau aliondoka ana amani.

Mama Anastazia akasema, "Alituuliza kuhusu wewe. Akasema, na Mwarimu je, amesema nini?"

Nikamuuliza walimjibu nini.

"Tulimdanganya. Tulisema ni wewe uliyetutuma. Tukasema umekiri umekosea, unaomba radhi. Alifurahi kuliko kwa yale maharage yetu. Akasema, nilijua ni mtu mzuri, aliniandikia karatasi."

Wakuu, ile ndizi niliirudisha kwenye sahani.

Spesioza alirudi Burundi akiamini nimemwomba msamaha. Amenisamehe kwa neno ambalo sikulisema. Wanawake niliowafanyisha kazi mpaka jua linazama walinisitiri, wakanifanya mtu mbele yake, na mimi wakati huo nilikuwa Mwanza nafundisha watu kupima kazi.

Nimejifunza nini? Kwa mnaosimamia viwanda na karakana: ukimwona mtu ana kasi ya ajabu, kabla hujaifanya kiwango cha wote, tafuta nani amembeba. Mara nyingi yupo, na mara nyingi yuko nyuma ya banda usikofika. Na ukigundua umekosea, rekebisha siku hiyohiyo, ripoti irudishwe ikaandikwe upya, aibu ikupate ukiwa bado unaweza kumtazama uliyemkosea.

Hilo la kwanza nimewafundisha wengi. La pili leo ndiyo mara yangu ya kwanza kulisema.

Jina nimebadilisha, lakini kama humu yupo mtu ambaye mama yake alitengeneza majiko pale Mbuba, na nyumbani aliwahi kuona karatasi iliyokunjwa mara nne inayosema hakufukuzwa kwa wizi, naomba amwambie mama kwamba wale akina mama walimdanganya. Hawakutumwa. Mwarimu hakusema chochote.

Amwambie ndiyo kwanza anasema sasa.

Karibuni mtoe maoni. Mkinisema, nisemeni tu, sitajibu kwa ukali.